Aliyewatajia Wamarekani Kasoro za Mjukuu Wangu

Kocha hakuwapenda wazazi. Watoto aliwapenda, mpira aliupenda, na sakafu ya ule ukumbi aliipenda kuliko wanawake wengine wanavyowapenda waume zao. Lakini mzazi akitia mguu mlangoni, uso wa Kocha ulifunga kama duka wakati wa sala ya Ijumaa. Alibandika karatasi mlangoni: wazazi wangoje nje. Na nje yenyewe ni Thamesmead, huku kwa Waingereza, upepo wa mtoni unakupiga masikioni mpaka meno yanauma. Wazazi walikaa ndani ya magari yao wakinung'unika.

Mimi gari sina. Siku ya kwanza nilipompeleka mjukuu wangu Salha, ana miaka kumi na moja na miguu kama ya korongo, niliisoma ile karatasi. Kusoma najua, ingawa skuli niliiacha darasa la nne. Nikausukuma mlango, nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha pembeni na chupa yangu ya chai.

Kocha akanijia. "Mama, haukusoma pale kwa mulango?"

"Nimesoma."

"Na uliingia?"

"Nje baridi."

Akalitazama buibui langu, akaitazama chupa. "Unajua kitu ya basketi?"

"Sijui chochote."

"Kabisa?"

"Najua ule mpira unatakiwa uingie kwenye lile tundu."

Akafikiri kidogo. "Basi kaa. Mutu mwenye hajue kitu hawezi kupiga kelele ya bure."

Nikakaa. Nilikaa miaka saba.

Jina lake silitaji. Kila mtu alimwita Kocha, hata mchungaji wake, hata yule kijana wa duka la simu. Ni mwanamke wa Kongo ya mashariki, mnene wa mabega, mfupi kuliko nusu ya wasichana aliowafundisha, na Kiswahili chake na changu vilikuwa kama ndugu wawili waliolelewa nyumba mbalimbali. Tulielewana, lakini kila mmoja alimwona mwenzake anaongea ovyo. Alfajiri alikuwa akisafisha maofisi ya mjini, yale majumba ya vioo. Mchana alilala kwa saa mbili. Jioni alikuwa ukumbini. Alikotoka na kwa nini aliondoka sikumuuliza, na yeye hakuniuliza mimi. Tuliofika nchi hii kwa njia zetu tunajua kuachiana.

Sakafu nimeitaja. Ukumbi ule una mtu wake wa kufagia, na Kocha hakumwamini hata siku moja. Alikuwa akifika saa nzima kabla ya watoto, anavua viatu, anapiga deki mwenyewe kutoka ukuta hadi ukuta, halafu anatembea na soksi akisikiliza kwa nyayo. Pakiteleza, anarudia. "Vumbi njo inavunja goti," alisema, na "njo" yao ndiyo "ndiyo" yetu. "Batu banafikiri ni kuruka. Apana. Ni vumbi." Nilimuuliza mara moja kama hachoki, kutoka deki asubuhi kuja deki jioni. Akasema asubuhi anasafishia watu asiowajua, na jioni anasafishia magoti anayoyajua yote kwa majina.

Na ni kweli aliyajua. Aliweza kukwambia msichana gani analalia ubavu gani kwa anavyotua akiruka. Salha aliwahi kuumwa na jino, sisi nyumbani hatujui, katuficha kwa kuogopa daktari. Kocha akamsimamisha katikati ya mazoezi. "Unadunda mupira upande moja juu ya nini? Fungua kinywa." Akachungulia kama mnunuzi wa mbuzi, akanigeukia pale kwenye kiti changu: "Mama, mutoto iko na jino ya kuoza na wewe unakunywa chai." Niliona haya mpaka kwenye vidole vya miguu.

Kuhesabu, wote walihesabu kwa Kiswahili. Kulikuwa na wasichana wa kila namna pale, wa Nigeria, wa Jamaika, wa Poland, mmoja wa Vietnam, na wote ukiwaamsha usiku wa manane wangekwambia moja mbili tatu mpaka mia. Alisema yeye akihesabu kwa Kiingereza huruka namba. Sikuamini. Nafikiri alitaka tu kusikia sauti thelathini zikisema kwa lugha yake. Basi mjukuu wangu, niliyemsemesha Kiswahili tangu yuko kwenye nepi na akanijibu kwa Kiingereza miaka kumi na moja, akaanza kurudi nyumbani anasema "mutoto" na "muzuri" na "njo vile". Mama yake, binti yangu Asha, akafurahi. Mimi nikamwambia Kocha, "Nimekupa mtoto umfundishe mpira, unanirudishia Mkongo." Kocha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, wewe ulishindwa kumupa yako. Chukua yangu."

Mitandio alishona mwenyewe. Waislamu walipokuwa wanne akanunua kitambaa cha michezo kile kinachovutika, akakata, akatia lastiki nyuma ya shingo ili mtandio usiruke. Yeye mtu wa kanisa, Jumapili hapatikani. Lakini ikifika Maghribi aliwaambia wale wanne, "Nendeni musali mbio, lakini musali muzuri," na wengine wote wakae chini wapumzike. Aliniambia mtoto anayekimbia huku anajua amemkimbia Mungu hawezi kulenga.

Mtu huyohuyo alikuwa na maajabu yake. Aliwakataza watoto sukari kama anayewakataza bangi, na yeye chai yangu aliinywa na vijiko sita, nilimhesabia. Aliyechelewa dakika moja alizunguka ukumbi mara ishirini, na kanisani kwake nasikia hakuwahi kufika kabla ya sadaka. Wazazi aliwakataza kelele, na siku aliyonialika kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani yake, niliisikia sauti yake kutoka kituo cha basi. Na magoti! Msichana akisema goti linauma, Kocha anamkalisha wiki mbili. La kwake mwenyewe lilivimba kama boga, akalifunga na skafu ya kanisani na kupanda ngazi za maofisi nalo. Nikimwambia nenda hospitali, ananijibu, "Hii ni ya zamani, inajua kazi."

Kitu kimoja asichokuwa nacho ni maneno ya kuzunguka. Alikuja mama mmoja, mtu wa heshima zake, kavaa vizuri, anataka binti yake awekwe kwenye timu ya kwanza. Kocha akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Apana. Mutoto yako anapenda viatu. Mupira hapendi." Yule mama akamtoa mtoto siku ileile. Mtoto akaenda kwenye kuogelea, akawa hodari kwelikweli, na kila mwaka mama yule humletea Kocha keki. Lakini alikosea pia. Yule msichana wa Vietnam, Kocha alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe ni mufupi, hii haiwezekani." Mtoto hakuondoka. Baada ya miaka miwili ndiye aliyekuwa anawagawia wenzake mipira kama mama anayegawa chakula, kila mmoja anapata na hakuna aliyeona mkono ulipopita. Siku moja Kocha akasimamisha mazoezi, akawakusanya, akapiga lile goti lake bovu chini mbele ya mtoto. "Nilikosa," akasema. "Nilisema apana, na ilikuwa ndiyo." Halafu tukamwinua watu watatu.

Salha alikua. Alipotimiza miaka kumi na saba alikuwa ananiinamia kunibusu mkono kama anaokota kitu sakafuni. Zikaja barua kutoka Marekani. Mimi nilikuwa sijui kwamba kule vyuo vinasomesha watoto kwa ajili ya mpira. Nilidhani ni utapeli kama wa zile simu za bahati nasibu. Asha akanieleza. Kulikuwa na chuo kidogo, kinamtaka acheze tangu siku ya kwanza. Na kulikuwa na chuo kikubwa, timu yake ya wasichana ni ya juu kabisa, watu wanajaza uwanja na wanaonyeshwa kwenye televisheni. Vyote viwili vingemsomesha bure maadamu yumo kwenye timu.

Kocha akaja nyumbani, akakaa kwenye kochi, akanyoosha goti. "Enda kwa kidogo," akamwambia Salha. "Kule utacheza. Kwa kikubwa, mwaka ya kwanza utakaa. Iko wasichana tatu mbele yako, na moja kati yao watu banasema ataenda kucheza kwa mushahara. Utakaa."

Salha akamjibu kwa Kiingereza, na mimi nilielewa kila neno: "Unataka nicheze na watu ninaowashinda?"

Kocha akakuna kidevu. "Njo vile," akasema. "Nimesema yangu. Kichwa ni yako."

Salha akachagua kikubwa. Lakini kikubwa nacho kilikuwa bado hakijamchagua moja kwa moja. Kwanza walitaka kuuliza.

Hapa ndipo nilipogombana na Kocha.

Niwaeleze kwetu ilivyo, maana watoto wa hapa hawajui. Wakija watu kuuliza habari za msichana, kabla ya posa, jirani anayeulizwa ana kazi moja, kusitiri. Ukiulizwa anajua kupika, unasema mashaallah. Ukiulizwa hasira zake, unasema mpole, hata kama jana umemwona karusha sufuria. Kila nyumba ina mtoto wake, na kesho atakayeulizwa juu ya wa kwako ni mwenzio. Mimi mwenyewe niliwahi kuulizwa juu ya msichana aliyekuwa haamki kabla ya adhuhuri. Nikasema, "Mtoto mtulivu sana." Wameoana, wana watoto watano, na anaamka adhuhuri mpaka leo. Hakuna aliyekufa.

Basi kocha mkuu wa kile chuo kikubwa, mwanamke, akapiga simu. Kocha wetu alikuwa anapiga deki. Simu akaiweka kwenye kiti cha jirani yangu, akaifungulia sauti, akaendelea na deki lake. Yule Mmarekani sauti laini kama ya muuza manukato. Akasema wanampenda Salha, ila wangetaka kujua zaidi. Ana udhaifu gani?

Nikamtazama Kocha kwa jicho. Hata mtoto mdogo angelielewa jicho lile.

Kocha akaegemea fimbo ya deki, akaanza kwa kile Kiingereza chake cha shoka. Mkono wa kushoto umelala, akasema. Ukiupigia kelele unaamka, ukigeuka unalala tena. La pili, ukimtoa mchezoni ananuna. Dakika kumi haoni, hasikii. La tatu, wakati wa joto mvivu. La nne, mama yake na bibi yake wamemdekeza.

Nami nimo palepale! Nimekaa, chupa mapajani!

Yule mwanamke akacheka kidogo, akauliza, na uzuri wake?

"Si muko na video?" akasema Kocha, akarudi kwenye deki.

Nikainuka. Nikafunga chupa, nikavaa koti, nikatoka nikasimama nje kwenye upepo pamoja na magari. Kocha alinifuata mpaka mlangoni, ananiita, "Mama! Mama, nini?" Sikugeuka.

Ramadhani ikaingia wiki ileile. Kila mwaka nilikuwa nampelekea futari, ingawa hafungi. Alikuwa na wazimu wa kaimati. Mwaka ule sikumpelekea hata moja. Asha akasema nimezidi. Salha mwenyewe, sambusa imejaa mdomoni, akaniambia, "Bibi, lakini ni kweli yote." Nikamwambia akae kimya, ukweli wake hautakuja kumwoa.

Wakamchukua. Barua ilikuja katikati ya kumi la mwisho. Nilisujudu, lakini kaimati sikupeleka.

Siku ya Idi, saa nne asubuhi, hodi. Kocha huyo, kavaa kitenge chake cha kanisani, skafu gotini, mkononi sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyofungwa kwa taulo. Nyumba imejaa wageni. Sikuweza kumfukuza, na yeye alijua kwamba siku ile siwezi. Akaniomba tukasimame jikoni.

"Mama, ulikasirika."

"Umemvua mwanangu nguo mbele ya watu."

"Apana. Sikiliza. Miye sikuoza mutoto. Nilimutuma kazi." Akaweka sufuria juu ya jiko. "Ukioza, watajua pole pole, watavumiliana, iko batoto, iko familia. Kazi apana. Kazi siku ya kwanza inaona mukono ya kushoto. Na ile siku, mutu wa kwanza wa uongo atakuwa miye. Halafu nikimutuma mutoto mwingine kesho, nani ataniamini?"

Nikafunua sufuria. Sombe lile lilikuwa limepondwa likapondeka, mawese yanameta juu. Nikachota sahani mbili, tukala tumesimama. Sikumwambia nimemsamehe. Nilimtilia kaimati thelathini kwenye bakuli akaondoka nazo.

Salha akasafiri mwezi wa nane. Mwezi wa kumi na moja ikawa mchezo wake wa kwanza wa televisheni, mchana wa huko, kwetu ni baada ya Maghribi. Sasa sikilizeni kosa nililolifanya mimi, siyo Kocha. Niliita watu. Niliwaita wanawake wa kwetu kumi na sita, kutoka Thamesmead hapa na wengine wamepanda treni kutoka Kilburn. Nikapika biriani. Nikafukiza udi. Tukaanza kwa dua, kila mtu kavaa kama anakwenda kwenye harusi. Asha akaunganisha kompyuta na televisheni. Kocha akaja mwisho, akakaa chini karibu na radieta ya kupasha nyumba joto.

Mchezo ukaanza. Wale wasichana wakubwa kama milango. Salha wangu yuko pembeni, amekaa, kavaa fulana ya mazoezi juu ya jezi.

Robo ya kwanza ikaisha. "Bado hawajamwita," akasema mmoja.

Robo ya pili ikaisha. "Labda wanamweka kwa mwisho," akasema mwingine. "Mtu hodari humweka mwisho."

Ya tatu. Wali ukapoa. Wanawake wakaanza kuulizana habari za bei za tiketi za Unguja. Ya nne ikaisha, watu kule wanapigana viganja, na Salha hakuivua ile fulana.

Bi Zuwena ni shoga yangu tangu tuko wasichana, na ulimi wake ni wembe tangu wakati huohuo. Akajifunga mtandio. "Haya, alhamdulillah, tumemwona. Kumbe mtoto kaenda Marekani kushika mataulo. Si hata hapa kwa kinyozi angeyashika?"

Wakacheka. Mimi nikacheka nao, ningefanyaje. Kocha hakucheka. Aligeuka pale chini, akamwambia Bi Zuwena kwa heshima zote, "Mama, wewe uliangalia mupira. Miye niliangalia benchi. Walipomutoa yule mukubwa, mutoto yetu alisimama wa kwanza, alimupa maji, alimwambia kitu kwa sikio. Hakununa. Dakika arobaini, hakununa hata moja."

"Sasa huko kutonuna kunampatia nini?" akauliza Bi Zuwena.

"Hakuna kitu," akasema Kocha. "Nasema tu yenye niliona." Akaomba biriani zaidi.

Basi ikafika mwezi wa kumi na mbili. Kocha hatimaye akalazwa, goti likapasuliwa, wakamtilia la chuma. Salha akapewa siku tano za mapumziko akaja nyumbani. Kakonda, macho makubwa. Siku ya pili, tunakunywa chai, akasema harudi. Michezo tisa, na dakika alizocheza zote ukizikusanya hazifiki kumi, na zote ni wakati timu imeshashinda na watu wanatoka uwanjani. Kile chuo kidogo kimempigia tena, bado kinamtaka. Au atabaki hapa, asome chuo cha hapahapa, alale kitandani kwake. Na akiacha ile timu anaacha na masomo yake ya kule, maana timu ndiyo inayomsomesha.

Asha akalia. Mimi nikasema nitafikiri, halafu nikavaa koti.

Kocha alikuwa kwenye flati yake, mguu juu ya stuli, televisheni inawaka haina sauti. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa mchana. Alionekana mdogo. Nywele alizokuwa akizificha kwenye kofia zilikuwa nyeupe zote, na magongo yake yameegemea ukuta kama wageni wasiokaribishwa. Nikampa chapati na maharage ya nazi. Akala mbili, akafuta mikono.

"Amekutuma?"

"Hajui kama nimekuja. Anasema harudi."

Akatingisha kichwa polepole, kama mtu aliyesikia habari ya mvua.

"Nimekuja kukuuliza," nikasema. "Na nataka unijibu kama ulivyomjibu yule Mmarekani. Usinisitiri."

"Uliza."

"Maneno yako yale. Ndiyo yaliyomkalisha?"

Aliutazama mguu wake. "Inaweza kuwa, Mama. Kidogo. Hata singesema wangeona, bale watu iko na macho. Lakini kidogo, inaweza kuwa."

Nilidhani nikisikia hivyo nitakasirika. Sikukasirika. Nilimwona tu amechoka, na ameniambia.

"La pili. Akirudi, atacheza? Siyo mwaka huu. Atacheza kweli, mbele ya watu, wakati timu bado haijashinda?"

Kocha akanisogezea kikombe. Nikamtilia chai, nikatia vijiko sita, nikakoroga, akaipokea. Akachukua rimoti akazima televisheni. Nikasikia jirani anaburuta kiti juu.

"Sijuwe, Mama," akasema.

"Hujui vipi? Wewe?"

"Bale wasichana tatu banamupita. Leo banamupita, hii najua. Mwaka yenye kuya wawili banamaliza, lakini watakuya bengine. Juzi walimupa dakika mbili, nikaangalia, mukono ya kushoto ilifanya kitu miye sijamufundisha. Sijuwe aliitoa wapi. Inaweza kufika mbali. Inaweza kufia pale." Akaweka kikombe chini. "Sijuwe. Ni mara ya kwanza sijuwe."

Nikasimama. Wallahi niliumia. Nimepanda mabasi mawili na chapati mkononi nije kupewa sijui, nina sijui za kutosha nyumbani kwangu. Nikamwambia, "Sasa mimi nikamwambie nini mtoto?"

"Mwambie vile nilisema. Usiongeze, usipunguze."

Nilipofika nyumbani, Salha alikuwa kwenye kochi, blanketi mpaka kidevuni, miguu imening'inia nje maana kochi halimtoshi tena. Nikavua koti, nikakaa, nikamwambia. Nimekwenda kwa Kocha. Nimemuuliza kama utacheza. Kasema hajui.

Akainuka akakaa. "Kasema nini?"

"Hajui."

"Bibi." Kwa Kiswahili aliniuliza, cha Kocha, na sikumsahihisha. "Kocha njo alisema hajue? Kwa kinywa yake?"

"Mara tatu. Na wewe usimlaumu, mwanangu, mgonjwa yule."

Akanitazama kama mimi ndiye nisiyeelewa Kiswahili. Halafu akaniambia kwa Kiingereza, haraka haraka, na nilipata kiasi hiki: miaka saba Kocha kampa jibu kila siku ya Mungu. Hapana kwa hili, hapana kwa lile, ndiyo mara chache. Timu ya mkoa, hapana, na ikawa hapana. Chuo kikubwa, utakaa, na anakaa. Aliponiona navaa koti alijua nakwenda kwa nani, akadhani nitarudi na hapana nyingine, na hapana ya Kocha ingemtosha, angefungua mizigo yake kwa amani. "Hajui," akasema tena, na alikuwa anacheka na machozi yanamshukia puani. "Kocha hajui, Bibi! Hajasema hapana!"

Mimi kwangu hajui ni hajui. Sikuona cha kuchekea. Lakini akaruka kutoka kwenye kochi, akachukua simu yake akaingia chumbani, na baada ya kitambo nikawasikia wote wawili, yeye na Kocha, wanapigiana kelele juu ya kitu nisichokijua, huyu anakatiza huyu anapokelea, na Asha akatoka bafuni akiuliza kuna nini.

Nikamwambia anipishe kabatini. Nikatoa unga, hiliki na samli. Visheti vya safari vinataka kukaangwa leo ili vipoe kesho.